Akiba ya Safari: Tangi la Pili Lililotengenezwa Kebirigo

Kebirigo ni soko la nchi ya Wagusii, jirani na mji wa Nyamira, ambao ulipata kuwa makao ya wilaya mwaka 1987 na tangu mwaka 2013 ni makao ya kaunti. Mgeni afikapo hapo alfajiri hukuta ukungu umelala mabondeni katika mikaratusi, na baridi ya kumfanya mchuuzi wa ndizi ajifunike shuka mpaka saa tatu. Pande zote ni chai. Kiwanda cha chai kipo hapo hapo, na malori yachukuayo majani mabichi hupita kutwa yakinguruma katika miinuko. Barabara za huku hazijui uwanda: hupanda, huteremka, hupinda, na mvua ikinyesha udongo mwekundu huteleza kama sabuni.

Mtu akaaye mahali pa maji mengi namna hii si rahisi afikiri habari za jangwa. Lakini watoto wa Kebirigo wamesoma, na kazi huwapeleka mbali. Wako walimu, waganga na makarani waliozaliwa katika vilima hivi, nao wametumikia miaka mingi Samburu, Marsabit na Turkana. Mmoja wao ni mzee aliyekuwa afisa wa mifugo, ambaye alichanja ng'ombe na ngamia wa kaskazini hata akastaafu. Mwezi wa Agosti 2018, shule zilipofungwa, mzee huyo aliazimu kumpeleka mkewe na wajukuu wawili wakalione Ziwa Turkana kabla miguu yake haijachoka.

Gari alikuwa nalo: Land Rover ya dizeli, kuukuu lakini imara, yenye kuvutwa kwa magurudumu yote manne. Kilichopungua ni mahali pa kuweka mafuta ya kutosha.

HESABU YA MAFUTA

Kutoka Maralal hata Loiyangalani, kando ya ziwa, ni yapata kilomita 230. Kwenda na kurudi ni kilomita 460, na mtu akiongeza kilomita 30 za kuzungukazunguka huko, jumla ni 490. Mafuta hupatikana Maralal kwa hakika. Baragoi, iliyo njiani, hupatikana mara kwa mara, nayo Loiyangalani huuzwa kutoka katika mapipa, kwa bei ya juu, ikiwa mapipa hayajaisha. Basi msafiri mwenye busara hujaza Maralal akihesabu kwamba mpaka atakaporudi hapo hatapata hata tone moja.

Tangi la gari la mzee lilichukua lita 80. Katika lami gari lile huenda kilomita tisa au kumi kwa lita moja, lakini katika mawe na mchanga, likiwa na mzigo, haliendi zaidi ya kilomita tano. Kilomita 490 zikigawanywa kwa tano ni lita 98. Upungufu ni lita 18. Na mchanga ukiwa mwingi hata gari liende kilomita nne tu kwa lita, zatakiwa lita 122 na nusu. Hesabu hiyo mzee aliiandika nyuma ya bahasha akampelekea fundi wa kuchomelea vyuma, kijana ambaye karakana yake ni paa la mabati na miti minne kando ya barabara ya sokoni.

Shauri la kwanza lilikuwa kuchukua madumu. Fundi hakulipenda. Madumu yakiwekwa juu ya paa, gari huwa zito kichwani, nalo huyumba katika kona na kupenda kuanguka. Yakiwekwa ndani, abiria huvuta harufu ya mafuta siku nzima, na watoto hutapika. Tangi lililofungwa chini, karibu na chesisi, hulifanya gari litulie, na mafuta hukaa mbali na pua za watu.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Wazee wakumbuka debe la bati la galoni nne, yaani lita 18, ambalo ndilo lililoleta petroli na mafuta ya taa mpaka vijijini. Debe likiisha mafuta lilikuwa mali: lilitekea maji, lilipimia mahindi, na bati lake liliezekea nyumba. Lakini kama chombo cha safari lilikuwa dhaifu. Katika vita vya mwaka 1939 hata 1945 majeshi ya Waingereza yalisafirisha petroli jangwani Libya na Misri katika madebe ya namna hiyo, na mengi yalipasuka njiani yakavuja mchangani. Wajerumani walikuwa na dumu la chuma la lita 20, lililobuniwa katika miaka ya 1930, lenye mishikio mitatu na kifuniko cha kubana. Waingereza walipoyateka madumu hayo waliyatamani, wakayaiga, na umbo lile lile ndilo liuzwalo madukani hata leo.

Land Rover nayo, ilipoonyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, ilikuwa na tangi la galoni 10, yaani lita 45, chini ya kiti. Baadaye magari marefu ya jeshi yalitiwa matangi mawili, moja chini ya kila kiti cha mbele, na koki ya kumwezesha dereva kuacha hili na kunywesha injini kwa lile. Mzee aliyaendesha magari ya jinsi hiyo alipokuwa kijana kazini. Kwa hiyo alijua alitakalo: tangi la lita 45 chini ya kiti cha abiria, pamoja na koki.

TANGI KAVU

Siku ya pili mzee alifika karakanani na tangi kuukuu alilolitoa katika gari bovu.

"Fundi, tangi nimelileta," alisema. "Tundu ni moja tu, dogo kama punje ya wimbi. Litie kiraka leo, maana keshokutwa twaondoka."

"Hili lilikuwa la petroli, Mzee?"

"La petroli, lakini ni kavu kabisa. Limekaa juani miaka mitatu."

"Huko kukauka kwake ndiko kunakonitisha. Siwezi kulitia moto."

Mzee alikasirika. Alisema kwamba mafundi wa jua kali hupenda kurefusha kazi ili wapate fedha, akalichukua tangi lake akaenda zake.

Hapa yafaa kueleza, maana watu wengi hawajui, na ujinga huu umewaua mafundi katika nchi nyingi. Petroli yenyewe, ikiwa majimaji, si hiyo iwakayo; kiwakacho ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Tangi lililojaa petroli halina nafasi ya hewa. Tangi lililomwagwa likaachwa tupu lina nafasi yote hiyo, na ndani ya kutu na katika mishono yake petroli kidogo hubaki imejificha. Moto wa kuchomelea ukigusa bati, mabaki hayo hugeuka mvuke, na kijiko kimoja tu chaweza kulipasua tangi kama bomu. Kulitia maji na kulimwaga mara moja hakutoshi, wala jua la miaka mitatu halitoshi. Tangi la dizeli nalo si salama, kwani dizeli ikipashwa moto hutoa mvuke vile vile. Kazi ya kusafisha tangi la namna hiyo ni ya watu wenye vyombo vyake na mafunzo yake, wala si ya kufanywa kando ya barabara ya sokoni.

Usiku ule mkewe mzee alimwuliza tangi lile kuukuu litawekwa wapi. Mzee akajibu, "Chini ya kiti chako." Mama hakusema neno. Asubuhi mzee alirudi karakanani, akamwamkia fundi kwa upole, akamwambia atengeneze tangi jipya kwa bati la chuma jipya.

KAZI YENYEWE

Fundi alikata bati la unene wa milimita mbili, akalikunja na kulichomelea mshono kwa mshono. Ndani alitia vizuizi viwili vyenye matundu. Kazi ya vizuizi ni kuyazuia mafuta yasikimbie yote upande mmoja gari lipindapo au lifungapo breki. Maana lita 45 za dizeli ni kilo 38, chini kidogo ya nusu gunia la mahindi, na mzigo wa namna hiyo ukitupwa huku na huku hupasua mishono. Kisha alitia sabuni katika maji, akaipaka mishono yote, akaziba matundu, akapuliza hewa ndani kwa pampu ya baiskeli, polepole. Palipotoka povu alipaweka alama ya chaki, akatoa hewa, akapachomelea tena. Mashine ya upepo wa magurudumu hakuitumia, kwa kuwa nguvu zake ni nyingi na hulitunisha tangi hata likapasuka.

Tangi lilifungwa kwa mikanda miwili ya chuma na bolti, na kati ya chuma na chuma paliwekwa vipande vya mpira wa gurudumu kuukuu ili visisuguane. Bomba la moshi lilichunguzwa lisipite karibu. Kila mpira wa mafuta ulipitishwa mbali na vitu vyenye moto na vyenye makali, ukashikizwa kila baada ya shibiri moja. Chujio liliwekwa mahali ambapo dereva aweza kulifikia bila kulala matopeni.

Sasa kuhusu koki, fundi alimfundisha mzee jambo asilolijua. Injini ya petroli ya zamani huchukua mafuta iyatakayo, basi. Injini ya dizeli huvuta zaidi ya ihitajiyo, na yale yanayobaki huyarudisha katika tangi kwa bomba la pili. Mtu akitia koki ya kuvuta kutoka tangi la pili, lakini bomba la kurudisha likabaki katika tangi la kwanza, tangi la pili litakauka upesi ajabu, na la kwanza, kama limejaa, litafurika na kumwaga mafuta njiani. Mzee, ambaye matangi yake yote mawili ya ujanani yalikuwa ya petroli, alinyamaza akasikiliza.

Njia waliyoichagua ni nyepesi. Injini iliachwa inywe katika tangi la kwanza tu, kama ilivyotoka kiwandani. Katika tangi la pili ilitiwa pampu ndogo ya umeme yenye kuhamisha mafuta kwenda katika la kwanza, na swichi yake mbele ya dereva. Sharti ni moja: swichi isiguswe mpaka geji ya tangi la kwanza ishuke chini ya robo. Hapo mna nafasi ya lita 60, na lita 45 huingia zote bila kufurika. Karatasi yenye sharti hilo iliandikwa kwa herufi kubwa ikabandikwa juu ya swichi.

Mwisho ni bomba la kupumulia. Tangi lisilopumua ni adui. Mafuta yakitoka na hewa isiingie, pampu hushindwa kuvuta. Na mafuta yakipata joto huongezeka: lita 45 za dizeli zilizotiwa katika baridi ya asubuhi, zikapata joto zaidi kwa digrii 25, huongezeka karibu lita moja nzima, nayo lazima ipate pa kwenda. Kwa hiyo fundi alipandisha bomba jembamba juu kuliko mdomo wa tangi, akalipinda ili vumbi na mvua visiingie, akamwonya mzee asilijaze tangi lile mpaka juu bali lita 44 tu.

MTIHANI WA VILIMA

Mzee alidhani kazi imekwisha. Fundi alikataa kupokea malipo ya mwisho. Alitia mafuta nusu tangi, maana tangi nusu ndilo litikisikalo zaidi, akapanda gari pamoja na mzee, wakalipeleka katika miinuko ya Kebirigo. Walipanda gia ya kwanza, wakateremka kwa breki, wakasimama kiubavu mtaroni, wakarudi katika njia ya mawe ipitayo mashamba ya chai, kwa muda wa saa mbili na mvua ikinyesha. Waliporudi walitandika gazeti chini ya gari, wakanywa chai.

Baada ya nusu saa gazeti lilikuwa na doa. Tone lilitoka katika kiungo cha mpira wa pampu, ambapo klipu haikukazwa sawasawa. Tone moja kwa kila sekunde laonekana si kitu, lakini kwa siku nzima ni zaidi ya lita nne. Kwa siku nne za kwenda na kurudi ingekuwa lita 16 na zaidi, na mzee hangejua mpaka abonyeze swichi na kusikia pampu ikivuta upepo. Klipu ilibadilishwa. Kesho yake walirudia safari ile ile ya vilima, na gazeti la pili lilibaki safi. Siku tano zilikuwa zimepotea, na wajukuu walikuwa wakinuna.

NJIA YA KASKAZINI

Waliondoka alfajiri ya siku ya sita wakapita Kericho penye mashamba makubwa ya chai, wakatokea Mau Summit, wakashika njia kuu ya Nakuru. Wapitapo hapo watu wazima hunyamaza, kwani huko Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuteka mafuta kwa ndoo na madumu, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mzee alipunguza mwendo akawaeleza wajukuu habari hiyo, naye hakuongeza maonyo mengine.

Kutoka Nakuru walipanda Nyahururu, wakashuka Rumuruti, na jioni ya siku iliyofuata wakafika Maralal, mji wa Wasamburu ambako Jomo Kenyatta aliwekwa mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa. Hapo walijaza lita 80 katika tangi la kwanza na 44 katika la pili, wakawauliza polisi hali ya njia, kama iwapasavyo wote wapitao huko.

Kupita Poro nchi hukatika ghafula, na Bonde la Ufa huonekana chini kama mtu atazamaye kutoka dirisha la ghorofa. Baada ya hapo ni mawe, vumbi, Baragoi, kisha South Horr penye miti mirefu na maji ya mlimani. Mbele yake upepo hauachi kuvuma. Huko Sarima walikuta minara 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, ambayo wakati huo ilikuwa ingali ikingoja nyaya, nayo ikaanza kutoa umeme baadaye mwaka ule ule. Kisha ziwa likatokea, la rangi ya kijani katikati ya mawe meusi. Mzungu aliyelifikia mwaka 1888, Teleki, aliliita Rudolf kwa jina la mwana wa mfalme wa nchi yake. Tangu mwaka 1975 laitwa Turkana, kwa jina la wenyeji. Wajukuu walilitazama kwa muda mrefu, kisha wakauliza kama ni bahari.

Loiyangalani walikaa siku mbili. Mwuza mafuta aliwaonyesha mapipa yake: yote yalikuwa matupu, akingoja lori lililokawia. Mzee alimshukuru, akarudi garini. Siku ya kurudi, kabla ya kufika South Horr, sindano ya geji ilishuka chini ya robo. Akaisoma karatasi, akabonyeza swichi, na sindano ikaanza kupanda.

Walipofika Kebirigo, mzee alipita karakanani kabla ya kwenda nyumbani, naye alikuwa ameandika hesabu nyuma ya bahasha ile ile. Maralal kwa Maralal kilomita 490; mafuta yaliyotumika lita 101; yaliyobaki lita 23. Kwa tangi la kwanza peke yake gari lingezimika likiwa karibu na Baragoi, na Maralal ingali mbele kilomita 100. Fundi aliisoma hesabu mara mbili, kisha akaingia chini ya gari kuitazama klipu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mafuta huoza, ikiwa chombo ni kibovu au mwenye chombo ana haraka. Humwagika tone kwa tone, au huwaka. Asiye na subira ya siku tano katika vilima vya Kebirigo, ambako gari likiharibika mtu hurudi nyumbani kwa miguu, asiende kaskazini, ambako hawezi kurudi kwa miguu.